Mtoto kakokotoa sawa, mwalimu kamkosesha, na bado anamlazimisha aandike jibu lisilo sahihi!

Wakuu, nina hasira na nitaandika nikiwa nazo hivihivi.

Binti yangu yupo kidato cha kwanza. Jana jioni nakagua daftari lake la Fizikia, nakuta X ya wino mwekundu iliyokandamizwa mpaka karatasi imetoboka. Chini yake kaandikiwa asahihishe mara 10. Swali lenyewe kwa Kiswahili ni hili: basi limetoka mji A kwenda mji B kwa mwendokasi wa kilometa 60 kwa saa, likarudi njia ileile kwa kilometa 40 kwa saa. Tafuta wastani wa mwendokasi kwa safari nzima.

Mtoto kaandika 48. Mwalimu anataka 50.

Nikakaa mezani na kalamu, maana sikutaka kumtetea kwa kuwa tu ni wangu. Umbali haukutajwa, kwa hiyo yeye alijiwekea kilometa 120. Kwenda saa 2, kurudi saa 3. Jumla kilometa 240 kwa saa 5. Gawanya: 48. Nikasema labda ni bahati ya namba, nikajaribu kilometa 60. Kwenda saa 1, kurudi saa 1 na nusu, jumla kilometa 120 kwa saa 2.5. Ni 48 ileile! Weka umbali wowote unaotaka, haibadiliki, kwa sababu basi limekaa muda mrefu zaidi kwenye mwendo mdogo. Hiyo 50 ingekuwa sawa kama muda wa kwenda na wa kurudi ungelingana. Haulingani. Wastani wa mwendokasi ni umbali wote gawanya kwa muda wote, na mwalimu huyohuyo kawaandikisha hivyo kurasa mbili nyuma.

Kinachoniuma zaidi, njia yote kaionyesha hatua kwa hatua, mpaka vizio. Hakuna aliyeisoma. Imetazamwa namba ya mwisho tu, imeonekana hailingani na karatasi ya majibu, basi. Najua madarasa yamejaa na kusahihisha rundo la madaftari ni kazi nzito. Lakini mtoto alimfuata ofisini kumweleza, akaambiwa anajifanya mjuaji. Mtoto aliyetoka juzi tu shule ya msingi ya Kiswahili, anayelitafsiri swali la Kiingereza neno kwa neno kabla hajaanza kukokotoa!

Usiku ananiambia, "Baba, niache niandike 50 tu, yaishe." Alishafika mara ya nne. Nikalifunga daftari.

Kesho asubuhi nakwenda shuleni, naanzia kwa mwalimu wa taaluma. Sitaki mtu afukuzwe kazi. Nataka ile X ifutwe na darasa zima lielezwe, maana wenzake waliopata vema kwa 50 wataingia nayo kwenye mtihani. Walimu wa Fizikia mliomo humu, swali kama hili mnalisahihishaje? Na mzazi aliyewahi kwenda shule kwa jambo la namna hii, alipokelewaje?