Kamera ya kupigia kaiti Paje na mpira wa jioni: nianze na bodi (kamera yenyewe) au lenzi?

PwaniMashariki
Assalaam alaykum wakubwa. Natafuta kamera ya kuwapigia wacheza kaiti (wanaoteleza baharini kwa ubao wakivutwa na tiara) pale Paje, pwani ya mashariki ya Unguja, na jioni mechi za mpira. Ngalawa zikishindana, nazo nizipate. Niliyonayo ni Canon 1300D na lenzi yake ya 18-55. Mtu anatoka mdogo mno, nikimkuza kwenye kompyuta hana sura. Akiruka napata fremu moja, ya pili keshatoka. Nina milioni 3, mtumba sina neno nao. Dukani wananambia nitazame megapikseli. Nianzie wapi?

FundiLenzi
Wa alaykum salaam ndugu yangu. Megapikseli 18 ulizonazo zinatosha kuchapisha A3 safi. Kinachokukwamisha ni lenzi, na ndiyo ya kuitilia pesa mwanzo.

Fanya hesabu. Ukiwa mita 100 kutoka kwa mtu, 55mm kwenye kamera yako inaingiza upana wa mita 40 za bahari. 250mm inaingiza mita 9. 400mm inaingiza mita 5 na nusu, na hapo mtu na ubao wake wanaijaza fremu. Kwa hivyo swali ni utasimama wapi. Paje maji yakipwa, hasa siku za bamvua, bahari inarudi mbali na wacheza kaiti wanaifuata. Ukibaki ufukweni hata 400mm haikufikishi. Ama uingie majini mpaka magotini, na hapo 250 au 300mm itakutosha, ama usubiri maji yajae waje karibu. Tazama jedwali la maji kabla hujatoka nyumbani. Na nenda kuanzia saa tisa alasiri: pwani ile inaelekea mashariki, jua linakuwa mgongoni mwako. Asubuhi watu watatoka vivuli vitupu mbele ya mwanga. Saa sita mchana joto la mchanga linatikisa hewa, na hakuna lenzi ya bei yoyote inayoondoa mazigazi.

Mtu anayekwenda kilomita 40 kwa saa anakata mita 11 kila sekunde. Kwa shata (mlango unaopitisha mwanga kamerani) ya 1/250 ya sekunde anasogea zaidi ya sentimita 4 wakati picha inachukuliwa. Kwa 1/2000 hazifiki milimita 6. Usishuke hapo. Jua la alasiri linakupa kasi hiyo kwa f/5.6 (upana wa tundu la lenzi; namba ikiwa ndogo, mwanga unaingia zaidi) na ISO 400 (ikipanda, kamera inaona penye giza ila picha inakuwa na chenga), kwa hivyo kwa kaiti huhitaji lenzi nzito ya f/2.8. Mpira ni habari nyengine. Magharibi ikikaribia, pale f/2.8 inapodai ISO 1600, f/5.6 itadai 6400.

JichoLaGombani
Lenzi kwanza, sawa, ila hiyo bodi nayo itamchosha. 1300D ina nukta 9 za fokasi (sehemu za kushikia ukali wa picha), na ya kati peke yake ndiyo ya msalaba, inayoshika kwa wima na kwa mlalo. Fremu 3 kwa sekunde. Kwa bajeti hiyo mimi ningetafuta Canon 7D Mark II ya mtumba: ya 2014, lakini ina nukta 65 zote za msalaba, fremu 10 kwa sekunde, na lenzi ya Canon aliyonayo inaingia. Nikon D500 ya 2016 inaishinda kwa fokasi, ina nukta 153, lakini ataanza lenzi upya, na tundu lake la kasi linataka kadi maalumu kama XQD, ambayo huikuti kila duka. Sony A6400 inapiga fremu 11, ni nyepesi na inashika jicho la mtu vizuri. Tatizo ni lenzi zake ndefu, zitammalizia pesa.

Wauzaji hawakwambii habari ya bafa, yaani kumbukumbu ya muda inayopokea picha kabla hazijaingia kwenye kadi. 7D Mark II ukiipigia RAW (faili zito la picha ghafi) inajaa kwenye picha ya 31 hivi, yaani sekunde 3, kisha inasuasua huku mshambuliaji anafunga. Kwa mpira piga JPEG (faili jepesi), na kadi iwe ya kasi.

Sasa mpangilio, maana bodi nzuri ikiachwa ilivyotoka kiwandani inakosa vilevile. Weka fokasi AI Servo (inamfuata mtu anavyokwenda), siyo One Shot (inashika mara moja ikabaki hapo). Ihamishie kwenye kitufe cha AF-ON nyuma, uondoe kwenye kitufe cha kupigia, ili mtu akipita mbele uachie kidole gumba na fokasi ibaki pale pale. Usiwashe nukta zote 65: povu la wimbi na kamba za kaiti zitaiba fokasi. Chagua nukta moja pamoja na jirani zake, uiweke kifuani. Mchanga mweupe na maji yanayometa vinaidanganya kamera, inatoa picha yenye giza. Ongeza mwanga +2/3 kwenye kipimo cha mwanga cha kamera. Kitulizi cha lenzi (kinachopunguza mtikisiko wa mkono) kizime ukiwa 1/2000, hakina kazi.

Na usishikilie kitufe muda wote. Mchezaji akitaka kuruka, kaiti inapandishwa juu ya kichwa chake na ukingo wa ubao unakata maji kwa nguvu. Ukiona hivyo, bonyeza, fremu 6 hadi 8, achia.

PwaniMashariki
Ahsanteni sana. Kuna mtu ananishawishi niongeze pesa nichukue Canon R7, anasema fremu 30 kwa sekunde. Si ndo mara tatu ya hiyo?

FundiLenzi
Hizo 30 ni za shata ya kielektroniki, isiyo na mlango unaosogea. Sensa ya R7 (kipande kinachopokea picha) inasomwa mstari kwa mstari kutoka juu hadi chini, na inachukua takriban milisekunde 30. Mpira uliopigwa kwa nguvu unatoka umerefuka, na ukiifuata ngalawa kwa kamera, mlingoti unalala upande. Ukiichukua, tumia shata ya mitambo: fremu 15, na hazipindi. Fokasi yake ya kumtambua mtu ni nzuri kweli, na lenzi yako ya Canon itaingia kwa adapta (pete ya kuunganishia). Lakini R7 yenye lenzi fupi itakushinda Paje. Bora 7D Mark II na lenzi ya Canon 55-250 STM sasa, 400mm baadaye.

MpembaWaWete
Kabla hujatoa pesa ya mtumba: shata ya 7D Mark II imekadiriwa mapigo 200,000. Nikon wanaiandika hesabu ndani ya faili ya picha. Canon nyingi zinataka programu na waya wa USB, muombe muuzaji akuoneshe. Lenzi imulike tochi kutoka nyuma, utazame kwa mbele: nyuzinyuzi kama utando ni kuvu, iache hata akipunguza bei. Kisha mpigie mtu anayekuja mbio moja kwa moja kwako, fremu 20, ukuze macho kila moja. Zisipopungua 14 zilizo kali, chukua.

Ukishanunua, adui ni chumvi. Usibadilishe lenzi ufukweni. Ukirudi, kitambaa cha maji baridi yasiyo chumvi, kikamuliwe hasa, pangusa bodi na pete za lenzi, kisha kikavu. Ihifadhi kwenye ndoo yenye mfuniko unaobana, na vifuko vya silika vya kunyonya unyevu ndani, hasa masika. Na ikitoka chumba chenye AC, iache ndani ya begi lililofungwa nusu saa, la sivyo kioo kitafanya ukungu mpaka ndani.