Wabunge wa Texas wanaohubiri "serikali ikae pembeni" wamenichosha. Niwakabili au ninyamaze?

Fundi_Mapaa:

Wakuu, salaam.

Niko pembezoni mwa Dallas, kazi yangu kuezeka mapaa. Uraia nimeshapata, kwa hiyo kura ninayo. Nahitaji ushauri kwa sababu jambo hili limeanza kuniletea maneno kanisani.

Chama cha Republican ndicho kinachoshika bunge la jimbo hapa, na wimbo wao ni mmoja: kanuni zinaua biashara, mwacheni mtu ajitafutie, mamlaka yawe karibu na wananchi. Kwa mtu aliyekulia kwenye nchi ya vibali na "njoo kesho", maneno hayo ni matamu. Nami yaliniingia.

Sasa tazama matendo. Austin mwaka 2010, kisha Dallas mwaka 2015, halmashauri za jiji zilipitisha sheria ndogo kwamba mtu wa ujenzi apewe dakika 10 za kupumzika na kunywa maji kila baada ya saa nne. Dakika kumi tu, kwenye jimbo ambalo Agosti joto linapita nyuzi 100 za Fahrenheit, na juu ya paa ni zaidi. Mwaka 2023 bunge likapitisha sheria HB 2127, gavana Abbott akasaini. Inazuia miji kutunga sheria zake kwenye maeneo kama kazi, biashara, kilimo na mali pale ambapo sheria za jimbo zimeshagusa. Houston ilienda mahakamani, jaji akasema sheria hiyo inakiuka katiba ya jimbo, lakini mwaka 2025 mahakama ya rufaa ikatengua uamuzi huo. Na jimbo lenyewe halina sheria yoyote ya kumlazimisha mwajiri wangu atupe mapumziko ya maji. Mbunge aliyeiandika, Dustin Burrows, sasa ndiye spika.

Hayo mamlaka karibu na wananchi yako wapi? Denton, kaskazini yetu, wananchi wenyewe walipiga kura Novemba 2014 kukataza kupasua miamba kwa ajili ya gesi ndani ya mji wao. Mwaka uliofuata bunge likawafutia.

Halafu haohao wasiotaka kumsumbua mwenye kampuni wana muda wa kutosha na maisha ya watu wengine. Mwaka 2021 walimpa raia yeyote haki ya kumshtaki anayemsaidia mwanamke kutoa mimba, fidia ikianzia dola 10,000. Mwaka 2023 wakafunga ofisi za usawa na ujumuishi, zile za kusaidia makundi yaliyoachwa nyuma, katika vyuo vikuu vya umma. Mwaka 2025 wakaagiza Amri Kumi zibandikwe kila darasa la shule za umma. Mimi ni Mkristo, Amri Kumi nazijua kwa moyo, lakini nani kasema mtoto wa jirani yangu wa Zanzibar azisome ukutani kwa amri ya serikali?

Mzee mmoja wa kanisa letu, Mkenya, mtu wa heshima sana, anawapigia debe waziwazi. Mke wangu anasema ninyamaze, siasa za wenye nchi tuwaachie wenye nchi. Mnanishaurije?

---

Kijiwe_Mwembeni:

Mkuu, wewe unaona unafiki hapo, mimi naona hesabu tu. Wenye makampuni ya ujenzi wanachangia kampeni, wewe unachangia nini? Na usidhani upande wa pili ni malaika. Nenda California uone vibali vya kujenga nyumba vinavyochukua muda, na wanaoongoza kule ni Democrat.

---

Fundi_Mapaa:

Kijiwe, California siishi. Aliyeninyima maji yuko hapa Texas, kwenye bunge la jimbo kule Austin.

---

Msusi_Arlington:

Kaka, tulia kidogo, kuna upande hujauona. Sisi wasusi wa hapa tunafanya kazi kihalali bila leseni kwa sababu ya hao hao wahafidhina. Zamani jimbo lilitaka msusi wa nywele za Kiafrika awe na leseni. Isis Brantley, dada wa Dallas, alikamatwa na polisi mwaka 1997 kwa kosa la kusuka! Alipambana miaka mingi, Januari 2015 akashinda kesi mahakama ya shirikisho, na mwaka huohuo bunge hili hili likafuta leseni ya kusuka kabisa. Mimi nilipofika nilikuta njia nyeupe.

Kwa hiyo wakitaka, wanaweza. Mwaka 2023 wakapitisha hata sheria ya kuzuia shule na waajiri kubagua mitindo ya nywele zetu, vyama vyote viwili vikiunga mkono. Ila utekelezaji ndio huo: kijana mmoja mweusi wa sekondari kwenye shule za Barbers Hill, karibu na Houston, alitolewa darasani mwaka huohuo kwa sababu ya rasta zake, na jaji akasema shule haijavunja sheria kwa kuwa sheria haikutaja urefu wa nywele. Nilikasirika mpaka nikashindwa kula.

Ushauri wangu: usiende kwao na neno "haki za wafanyakazi", watafunga masikio. Waambie halmashauri ya Dallas ilichaguliwa na watu wa Dallas.

---

Mtu_wa_Bukavu:

Ndugu, mimi niko Abilene, nimekuja kama mkimbizi. Sisi wenye kadi ya kijani, yaani kibali cha ukaazi wa kudumu, hatuna kura. Ile sheria ya 2023 ya kuwapa polisi wa jimbo nguvu ya kukamata watu kwa mambo ya uhamiaji imepigwa danadana mahakamani, lakini woga wake umeshaingia majumbani kwetu. Wewe mwenye kura ukinyamaza, nani atasema?

---

Karani_wa_Austin:

Nimekuwa mkalimani kwenye mambo haya, acha nikupe ya kufanya.

Kwanza, hapa huandikishwi kwa chama. Mwezi Machi wa kila mwaka wa uchaguzi unachagua mwenyewe upigie kura za maoni za chama kipi. Kwenye maeneo mengi ya Texas mbunge anapatikana pale pale, Novemba ni kukamilisha ratiba. Kama eneo lako ni la Republican, ingia kwenye kura zao za maoni umpigie aliye afadhali. Hakikisha uandikishaji wako siku 30 kabla ya siku ya kura. Texas huwezi kujiandikisha upya kwa mtandao, labda ukiwa unahuisha leseni ya udereva.

Pili, bunge hukutana kwa kikao cha kawaida mwaka mmoja kila miwili, siku 140. Kijacho kinaanza Januari 2027. Mswada ukifika kamati, yeyote anaweza kwenda kutoa ushahidi. Unajiandikisha kwenye mashine zilizopo jengo la bunge, unapewa dakika chache tu, na unaweza kusubiri mpaka usiku. Beba chakula. Fundi wa mapaa anayesimulia juu ya paa Agosti anasikilizwa kuliko wanaharakati kumi wenye makaratasi.

Tatu, usisubiri 2027 kwa afya yako. Malalamiko ya joto kazini yanapokelewa na OSHA, ofisi ya shirikisho ya usalama kazini, na unaweza kuomba jina lako lisifikishwe kwa mwajiri. Kiwango maalumu cha joto hawana, lakini mwajiri ana wajibu wa jumla wa kuondoa hatari kubwa inayojulikana.

Huyo mzee wa kanisa msibishane mbele za watu. Mwombe akuunganishe na ofisi ya mbunge wake, kwa kuwa anamfahamu.

---

Fundi_Mapaa:

Asanteni sana. Karani, hilo la mzee sikuliwaza kabisa, nitamwendea nyumbani kwake Jumamosi. Dada Msusi, ukisikia kuna watu wanaenda Austin nistue, nitachangia mafuta. Mke wangu kasoma majibu yenu yote. Anauliza kama na yeye anaruhusiwa kuongea kwenye hiyo kamati au ni mmoja kwa familia.

---

Karani_wa_Austin:

Kila mtu dakika zake. Aje.