Mzee wetu aambiwa atobolewe fuvu damu itoke, kuna aliyepitia haya?

binti_kisauni
Salaam aleikum jamani, naomba mnisaidie na mawazo manake hapa nyumbani kila mtu asema lake. Babangu yuko kwa miaka ya sabini, ana presha na pia hunywa asprini kila siku kwa sababu ya moyo. Kabla ya Ramadhani aliteleza bafuni akagonga kichwa ukutani, ikatoka nundu tu, hakuzimia wala hakutapika, tukamkanda na maji moto tukasahau. Sasa kama mwezi na zaidi ukapita akaanza kulalamika kichwa asubuhi, kisha akawa ni kusahau sahau, mara aswali rakaa tatu adhuhuri mara tano, kiatu cha mguu wa kulia chamvuka na yeye hana habari, na mchana kutwa yuwalala. Ami akasema ni mambo ya mashetani akaletewa kombe, zahanati moja wakasema ni uzee na malaria wakampa sindano. Mpaka juzi akashindwa kushika kikombe ndio tukampeleka hospitali kubwa akapigwa skani ya CT, ikaonyesha damu imevilia upande wa kushoto na ubongo umesukumwa kando.

Daktari wa ubongo asema lazima atobolewe matundu mawili kwenye fuvu damu itolewe, na isicheleweshwe. Wakaniletea karatasi nitie sahihi, nikisoma mimi: kuvuja damu, usaha, kifafa, kupooza, kifo. Wallahi miguu iliniisha nguvu. Sijatia bado. Ami naye anashikilia kwamba mtu akifunguliwa kichwa harudi kuwa mtu. Kwani hakuna vidonge vya kuyeyusha hiyo damu? Na akifanyiwa atarudi vile alivyokuwa?

nesi_wa_tudor
Waaleikum salaam dada, pole sana. Nimefanya kazi theata miaka mingi na hii naijua vizuri kwa hivyo nitaandika kirefu, nivumilie.

Hayo unayoeleza, kuanguka kidogo, wiki kadhaa kimya, kisha kichwa na kusahau na upande mmoja kulegea, ni hadithi yenyewe kabisa ya damu ya zamani chini ya utando wa ubongo. Mtu akizeeka ubongo hupungua ndani ya fuvu, kama mbata ikikauka inavyobanduka kwenye kifuu ikaanza kucheza. Ile nafasi ikipatikana, vile vimishipa vidogo vinavyovuka kutoka ubongo kwenda kwenye utando mgumu huvutika, na kagongo kadogo tu kanatosha kukata kimoja. Damu yatoka kidogo kidogo, na kwa mtu wa asprini ndio haiko haraka kukoma. Kisha mwili wajaribu kuizungushia ngozi nyembamba, na hiyo ngozi nayo yaota vimishipa dhaifu ambavyo vyavuja tena, ndio maana badala ya kupungua yazidi kukua polepole mpaka ubongo unasukumwa. Ya mzee iko kushoto ndio mkono na mguu wa kulia vimelegea, ubongo hutawala upande wa pili.

Sasa upasuaji wenyewe. Watu wakisikia kichwa wanafikiria fuvu lafunguliwa kama mlango, huo ni mwingine, ule ndio wa uvimbe au wa damu mbichi iliyoganda. Huu wa mzee ni katika upasuaji mdogo wa ubongo, na ndio unaofanywa sana kwa wazee. Hunyolewa, hutiwa ganzi (wengine hupewa nusu kaputi, itategemea moyo wake), yatobolewa matundu mawili kila moja kama sentimita moja na nusu, utando wakatwa, na kwa sababu damu imekaa zaidi ya wiki tatu huwa ishakuwa majimaji meusi, si mabonge, kwa hivyo hutoka yenyewe. Wanaosha na maji ya chumvi ya vuguvugu mpaka yatoke meupe. Ubongo wenyewe haukatwi wala haushikwi. Nimeona wazee wakianza kusema maneno yao sawasawa bado wako kitandani cha theata.

Jambo moja muulize daktari: je ataachiwa mpira wa kutoa damu inayobaki? Kuna utafiti wa Cambridge Uingereza ulitoka 2009, waliowekewa mpira kwa siku mbili damu iliwarudia asilimia 9 hivi, wasiowekewa ikawarudia asilimia 24, na hata vifo vilikuwa vichache kwa wenye mpira. Kwa hivyo hilo swali lina maana kuliko "atapona?" ambalo hakuna daktari mkweli atakujibu.

Ile orodha ya karatasi ni kweli, sitakudanganya. Lakini karatasi haikuandikia hatari ya kutofanya, na hiyo ubongo ukiendelea kusukumwa ni kulala usingizi usioamka.

mvuvi_mtongwe
Babu yangu alifanyiwa hii. Nesi amesema vizuri ila nataka dada ajue upande wa pili asije akashtuka. Babu alitoka theata akiwa na akili zake, akaniita kwa jina, akaomba chai, tukashukuru. Usiku wa pili akachanganyikiwa akawa anavuta ule mpira wa kichwani ati ni mshipi wa kuvulia, ikabidi tukae kwa zamu kumshika mikono. Kwa hivyo msimwache peke yake usiku hata kama wodini kuna manesi, manesi ni wachache na wagonjwa ni wengi.

Kisha akaruhusiwa, lakini hospitali hiyo (siitaji) hawakutupa tarehe ya kurudi wala hawakutwambia tuangalie nini, alipewa karatasi ya dawa ya maumivu basi. Baada ya wiki kadhaa mguu ukaanza kuburura tena. Damu ilikuwa imerudi. Akafunguliwa tena matundu yale yale, mara ya pili ndio ikakaa. Sasa ako sawa, apiga bao na wenzake, ila majina ya wajukuu ayachanganya, na hiyo hata zamani alikuwa ayachanganya.

dawa_za_asili_pwani
Dada usikubali baba akatwe kichwa hao madaktari wanataka pesa tu. Apigwe chuku ya kichwani damu chafu itoke, na habasoda na kitunguu saumu kila asubuhi, damu itayeyuka yenyewe. Nitumie meseji.

nesi_wa_tudor
Wewe chuku yatoa damu ya ngozi, hii iko chini ya mfupa, utaivuta kupitia wapi? Na mtu mwenye damu inayovuja kichwani na yuko kwa asprini unamwongezea saumu ya kubwia ambayo nayo yaifanya damu isigande, wamtakia nini huyo mzee?
Dada usimtumie meseji mtu.

mkisii_changamwe
Naongezea tu kitu cha kufurahisha juu ya hiyo ya ami kusema mtu akifunguliwa kichwa harudi. Sisi kwetu Kisii wazee walikuwa wanafungua fuvu tangu zamani sana kabla ya hospitali, wanaitwa ababari emetwe, mtu akipigwa rungu kichwa kikaumwa bila kuisha anaitiwa huyo mtaalamu, anakata ngozi anakwaruza mfupa mpaka anatoa kipande. Madaktari wa wakati wa mkoloni walikuja wakapiga picha na kuandika juu yao. Na watu walikuwa wanaishi, unawapata na shimo kichwani wanakunywa busaa. Sisemi mzee apelekwe huko ati, nasema tu kichwa kinafunguliwa na watu wanarudi.

daktari_mtarajiwa
Niko mwaka wa mwisho chuoni kwa hivyo chukueni maneno yangu kwa kiasi. Juu ya vidonge: kuna dawa inaitwa deksamethasoni, ni ya kutuliza uvimbe, na miaka mingi watu walikuwa wanaitumia kwa damu ya aina hii. Uingereza wakaifanyia utafiti wagonjwa 748, matokeo yakatoka 2020. Waliopewa dawa walirudishwa theata kidogo kweli, 1.7% na wenzao 7.1%, ungesema basi dawa ni nzuri, lakini ukiangalia walivyokuwa baada ya miezi sita, waliokuwa na hali nzuri ni 83.9% kwa waliopewa dawa na 90.3% kwa wasiopewa. Yaani dawa iliwadhuru zaidi ya kuwasaidia, na mzee akiwa na sukari ndio mbaya zaidi manake inapandisha sukari. Kwa hivyo mtu akiwambia ameze hiyo badala ya upasuaji, hapana.

Kuna pia njia mpya ya kupitisha waya mwembamba kwenye mshipa wa paja au wa mkono mpaka kwenye mshipa unaolisha ule utando na kuuziba, ili damu isirudi. Tafiti kubwa zilitoka 2024 zikaonyesha inapunguza kurudi kwa damu ikiongezwa juu ya upasuaji. Lakini hiyo inataka mashine na mtaalamu wake, na kwa mzee ambaye ubongo ushasukumwa na mkono ushalegea huwezi kukaa ukiingojea.

Swali kwa binti: asprini mara yake ya mwisho ni lini? Hili wamelijua?

mama_wa_bamburi
Samahani naingilia, langu ni la mtoto si la mzee ila karatasi ya kutia sahihi naijua hiyo. Mwanangu alizaliwa na maji kichwani, kichwa kikawa chakua kila wiki na macho yaangalia chini. Akatiwa mpira chini ya ngozi kutoka kichwani mpaka tumboni maji yashukie huko. Mimi niliambiwa wazi mambo mawili, mpira waweza kuziba na waweza kuingia wadudu, na yote mawili yamemfika. Ulipoziba alikuwa atapika na kulala tu na utosi umevimba, nilikimbia naye usiku ule ule kwa sababu nilikuwa nimeambiwa dalili. Kuna njia nyingine ya kutoboa kanjia ndani ya ubongo kwa kamera maji yapite bila mpira wowote, Mbale hapo Uganda ndiko daktari Benjamin Warf aliikuza sana kwa watoto wetu wa Afrika manake mpira ukiziba kijijini na hospitali iko mbali mtoto hafiki. Si kila mtoto yamfaa lakini, wangu haikumfaa.

Ninachotaka kukwambia binti, kabla hamjatoka hospitali mbane daktari akuandikie dalili za kurudi nazo mbio. Usikubali kuambiwa "mtaona tu".

binti_kisauni
Asanteni sana wallahi. Nimeuliza ya asprini, daktari asema ilisimamishwa siku aliyolazwa, ila nguvu yake hukaa mwilini wiki moja mpaka siku kumi na hawawezi kungoja yote hiyo, kwa hivyo watamwandalia damu na chembe za kugandisha zikihitajika. Mpira ataachiwa, nimemuuliza akanitazama kidogo akacheka akasema nani amekufunza. Ganzi tu, hatapewa nusu kaputi kwa sababu ya moyo. Na SHA, bima ya afya ya serikali, ilibidi nikimbizane na kibali tangu asubuhi, mchango wa mwaka ulikuwa umelipwa alhamdulillah la sivyo sijui.

Nimetia sahihi. Ni kesho asubuhi. Nesi nikishatoka hapo niangalie nini?

nesi_wa_tudor
Allah awafanyie wepesi. Siku mbili za kwanza na mpira wake atalazwa chali, kichwa hakiinuliwi, hivyo ndivyo wengi hufanya, na mfuko wa damu haupandishwi wala haushushwi na mtu wa nyumbani, hata ukiona umejaa ita nesi. Mpira ukitolewa tu basi mzee akalishwe, atembezwe, apumue kwa nguvu, kwa sababu wazee wengi baada ya theata ubongo uko sawa wanakuja kuangushwa na nimonia ya kulala au damu kuganda miguuni. Kichwa kuuma kidogo ni kawaida, hewa huingia kidogo ndani na huisha yenyewe, lakini kichwa kinachozidi kila saa pamoja na usingizi mzito si kawaida, hiyo akimbizwe skani.

Nyumbani: kutingishika mkono au uso bila kujijua hiyo ni kifafa hata kama hakuanguka, homa au kidonda kutoa maji, mguu kuburura tena kama wa babu ya mvuvi, maneno kupotea. Moja katika hizo mwarudi siku hiyo hiyo, hata ikiwa ni wiki ya sita. Na asprini asirudishiwe na mtu wa duka la dawa wala na ami, daktari wa moyo na wa ubongo wakubaliane wao ni lini. Bafuni wekeni mkeka wa mpira na chuma cha kushika.

binti_kisauni
Sawa dada yangu, nimeyaandika yote. Wanataka watu wawili wa kutoa damu, kundi lolote, waweke akiba. Ndugu zangu mmoja yuko safarini, ami amesema atakuja lakini ana presha sijui kama watamkubali.

mvuvi_mtongwe
Mimi sina presha wala sukari, na mdogo wangu pia. Tutavuka na feri ya saa kumi na mbili kabla foleni haijaanza. Nambie jina la hospitali kwa meseji na tuje mlango gani.