Asidi ya benzoiki inayeyuka 114–119 badala ya 122: kasoro iko wapi?

Swali
Wakuu, salaam. Asidi ya benzoiki imeyeyushwa kwa maji ya moto ili isafishike, yalipopoa fuwele zikachujwa, zikakaa saa mbili juu ya karatasi ya chujio. Kwenye neli ya Thiele (neli ya kioo yenye mkono wa pembeni, ya kupimia joto la kuyeyuka) yenye mafuta ya parafini inaanza kuyeyuka 114 °C, inamaliza 119. Joto lilipanda kama digrii 8 kwa dakika. Tatizo ni sampuli au upimaji?

Jibu
Mkuu, digrii 8 kwa dakika ni mbio mno. Kwa mwendo huo mafuta, themometa na unga kila kimoja kina joto lake, na namba unayoisoma si ya unga. Panda haraka hadi 105, kisha punguza moto uende digrii 1 au 2 kwa dakika. Moto uelekeze kwenye mkono wa pembeni wa neli ili mafuta yazunguke yenyewe.

Kapilari, kile kineli chembamba cha kioo kinachobeba unga, nayo ina mambo yake. Saga fuwele ziwe laini, jaza kimo cha milimita 2 hadi 3 tu, kisha idondoshe mara kadhaa ndani ya bomba la kioo lililosimama, la sentimita 60 hivi, mpaka unga ushikamane. Ukijaza zaidi, wa pembeni unayeyuka na wa katikati bado. Raba bendi inayofunga kapilari kwenye themometa ikae juu kabisa ya mafuta, maana yakipata moto hupanda, na raba ikilainika kapilari inazama. Kizibo kiwe na mkato wa kupitisha hewa. Usipashe kamwe neli iliyozibwa kabisa, itapasuka.

Jibu
Sawa, ila mimi nashuku maji kwanza. Saa mbili hazitoshi. Acha usiku mzima kwenye desiketa (chombo cha kukaushia kinachofungwa) yenye jeli ya silika inayonyonya unyevu. Oveni ya 100 °C usiiguse: asidi hii hugeuka mvuke bila kuyeyuka, utaipoteza.

Angalia pia upana wa kipimo chako. Themometa iliyokosea ingesogeza namba zote mbili kwa pamoja, pengo libaki digrii 1 hivi. Pengo la 5 ni unyevu, uchafu au haraka. Hata hivyo ihakiki kwa naftalini safi (80) na urea (133).

Muuliza swali
Asanteni. Kapilari ileile ikishaganda inafaa kurudiwa?

Jibu
Hapana, kuna vitu huharibika vikiyeyuka. Andaa kapilari tatu, na mafuta yapoe chini ya 100 kabla ya kila moja. Andika joto la tone la kwanza na la fuwele ya mwisho kutoweka. Unga kusinyaa kabla ya hapo si kuyeyuka.

Ikikauka na bado iko chini, changanya nusu kwa nusu na asidi safi ya chupani. Kipimo kikipanda kuelekea 122, ni yenyewe ila ina uchafu, irudishe kwenye maji ya moto. Kikishuka chini ya 114, hiyo si asidi ya benzoiki.