Klabu ya kuhutubia: tujiunge na Toastmasters au tubaki huru? (Mombasa)

Kipaza_Tudor
Assalaam alaykum wana jukwaa. Tuna klabu yetu ya kuhutubia hapa Tudor na kamati yatakiwa iamue kabla mwezi haujaisha: tujiandikishe Toastmasters (lile shirika la kimataifa la klabu za kuhutubia), au tubaki huru tusajiliwe tu kama kikundi cha kijamii? Wanachama wanapungua, na kuna wanaosema jina kubwa litawarudisha. Wenye ujuzi, ipi bora?

Mtunza_Saa
Wa alaykum salaam. Hapo hujauliza kitu bado. Wanaofika kikaoni ni wangapi, usinihesabie walio kwenye kundi la WhatsApp? Mwakutana mara ngapi, siku gani, saa ngapi? Lugha ipi? Ada kiasi gani?

BintiKisauni
Toastmasters, wala usizunguke. Utaratibu umejaribiwa tangu 1924, Ralph Smedley alipoanzisha klabu ya kwanza Santa Ana, California. Hotuba ya kawaida dakika 5 hadi 7: mtunza saa ainua kadi ya kijani dakika ya 5, ya manjano ya 6, nyekundu ya 7. Mada za papo kwa papo, yaani kujibu swali bila kujiandaa, dakika 1 hadi 2. Tathmini 2 hadi 3. Maafisa saba, kila mmoja na kazi yake. Klabu huru nyingi huishia kuwa baraza la mwenyekiti kujisemea.

Nahodha_Likoni
Na pesa je, dada? Ada ya makao makuu ni dola 60 kwa miezi 6 kila kichwa, mwanachama mpya aongeza dola 20 za kujiunga, na klabu yenyewe yalipa dola 125 za kuanzishwa. Mwahitaji watu 20. Piga hesabu: 20 mara 80 ni 1,600, weka 125, jumla dola 1,725. Dola ikiwa shilingi 130, hizo ni zaidi ya shilingi 224,000 kabla hamjanunua hata maji ya kunywa. Mkianza katikati ya kipindi zapungua, lakini ada ya tarehe 1 Oktoba na ya 1 Aprili zinakungoja palepale.

Kipaza_Tudor
Mtunza_Saa, samahani. Kwenye WhatsApp tuko 46, walipao ni 24, wanaofika ni kama 14. Mara mbili kwa mwezi, Jumatano saa kumi na mbili jioni. Kiswahili na Kiingereza vyote. Ada 200 kwa mwezi. Hotuba tatu kila kikao.

Karani_Makupa
Sasa ugonjwa umeonekana, na dawa yake haiko Marekani. Tazama foleni. Hotuba tatu mara vikao viwili ni sita kwa mwezi. Walipao ni 24. Maana yake mtu huhutubu mara moja kila miezi minne. Aliyejiunga kwa ajili ya kuondoa woga, akahutubu mara moja kisha akakaa miezi minne akiwapigia wenzake makofi, kwa nini asiondoke? Mkijiunga na Toastmasters na foleni hiyohiyo, mtakuwa mmelipa shilingi 224,000 kuisubiri.

Fanyeni kikao kila wiki, hotuba nne. Ni 16 kwa mwezi, zamu yarudi baada ya wiki sita. Muda unatosha: hotuba nne za dakika 7 ni 28, tathmini nne za dakika 3 ni 12, mada za papo kwa papo 20, ufunguzi 5, ripoti za wahudumu 10, na dakika 10 za kupishana jukwaani. Jumla 85. Kikao kisipite dakika 90 hata kama mgeni rasmi ni nani.

Majukumu: mwongoza kikao, wahutubu wanne, watathmini wanne, msimamizi wa mada, mtunza saa, mhesabu vijazo (hizo "eeh", "yaani" na "basi"), na mtathmini mkuu. Ni 13. Mnaofika ni 14. Yaani karibu kila mtu ana kazi, na mwenye kazi hufika. Ratiba ijazwe majina wiki tatu mbele. Wiki moja haitoshi, maana mtu akijitoa Jumanne usiku mwakimbizana kwa simu na anayepatikana ni yuleyule wa kila siku, mpaka achoke.

Anayejiunga leo apewe tarehe ya hotuba yake ya kwanza kabla hajatoka mlangoni, ndani ya wiki tatu, na mwenzake mmoja wa kumshika mkono. Akikosa vikao viwili mfululizo apigiwe simu. Ujumbe kwenye kundi haumwiti mtu.

BintiKisauni
Hayo yote uliyoandika ni Toastmasters bila kadi ya uanachama 😄

Karani_Makupa
Ndio maana nasema waweza kuyafanya bila kulipa.

MzeeMakadara
Vijana, ngojeni niwape kisa cha klabu moja ya upande wa bara, jina silitaji, wenyewe bado wapo. Walikuwa na watu 15 wanaokuja kwa moyo. Wakataka cheti cha Toastmasters haraka. Wakaongeza majina matano ya jamaa na wafanyakazi wa afisi ya mwenyekiti, ada zao akalipa yeye kutoka mfukoni. Cheti kikaja, picha zikapigwa, keki ikakatwa. Miezi sita ikafika, ada ya pili. Yale majina matano hayakuonekana tena. Kumbe hata wale 15, saba walidhani wamelipa mwaka mzima, hakuna aliyewaeleza mapema. Na pesa za waliolipa zilikuwa kwenye simu ya mweka hazina, zimechanganyika na za kodi yake ya nyumba. Akiulizwa salio, atoa namba mbili tofauti siku mbili. Waliothibitika kulipa kwa wakati hawakufika 8, na kiwango cha chini cha Toastmasters ni wanachama 8, watatu wao wakiwa wa zamani wanaoendelea. Klabu ikakosa hadhi, wengine hawakuruhusiwa kushindana mwaka ule, na lawama zikamwangukia katibu, ambaye wallahi hakuhusika.

Basi mkijiunga, ada ianze kukusanywa miezi sita kabla, mia tatu mia tatu kwa wiki, na namba ya malipo iwe ya kikundi.

Nahodha_Likoni
Na hiyo namba ya kikundi, au akaunti ya benki, yataka cheti cha usajili. Sheria ya vikundi vya kijamii ya 2022 yataka watu wasiopungua 10, katiba, na kumbukumbu za kikao kilichochagua maafisa. Nendeni afisi ya maendeleo ya jamii ya kaunti ndogo yenu. Wawekao saini wawe watatu, wawili wakitosha kutoa. Hili mlifanye kwa njia yoyote mtakayochagua.

Umm_Salim
Hamjaiona saa? Saa kumi na mbili jioni! Magharibi iadhiniwa katikati ya hotuba ya pili, nusu ya ukumbi yaondoka, mhutubu abaki na viti. Na wa Kisauni wako kwenye foleni ya magari daraja la Nyali. Jumamosi saa kumi jioni, baada ya alasiri, mwamaliza saa kumi na moja na nusu na kila mtu ana nafasi ya kutawadha.

BintiKisauni
Jumamosi ya Mombasa, Umm Salim? Na harusi?

Umm_Salim
Harusi hazianzi saa kumi, mwanangu. Wanawake huanza kuvaa saa kumi.

Nahodha_Likoni
Jumapili asubuhi.

Kipaza_Tudor
Jumapili wengine wako kanisani.

Mtunza_Saa
Basi pigeni kura, lakini wapige walipao 24, si wale 46. Na Ramadhani muiamue sasa: ama mapumziko ya mwezi mzima yenye tarehe ya kurudi iliyotangazwa, ama mtandaoni baada ya tarawehe. Klabu zisizotangaza tarehe ya kurudi hurudi nusu.

Karani_Makupa
Kuhusu lugha: Toastmasters huruhusu klabu iendeshwe kwa lugha yoyote, ila mtaala mtausoma kwa Kiingereza. Mkichanganya lugha, mtathmini atumie lugha ya mhutubu, na azungumzie hotuba: jambo moja lililofaa, moja la kurekebisha, na mfano kutoka alichokisema. Kuna watathmini hapa mjini wanaogeuza dakika zao tatu kuwa somo la ufasaha, wakimkosoa Mtaita au Mluo matamshi yake mbele ya watu. Aliyekosolewa hivyo hamumuoni tena.

MzeeMakadara
Lakini Kiswahili kibovu nacho kisemwe, Karani. Hii ni Mvita.

Karani_Makupa
Kisemwe faraghani, mzee wangu, kwenye kikaratasi.

Umm_Salim
Na wageni msiwalazimishe kusimama kwenye mada za papo kwa papo. Waulizwe mlangoni, wakikataa basi.

Kipaza_Tudor
Shukran nyote. Kamati imegawanyika vilevile, lakini hesabu ya foleni nitaipeleka. Swali dogo: kadi za rangi mwatengeneza wapi? Zetu za manjano hazionekani nyuma ya ukumbi.

Mtunza_Saa
Karatasi ngumu za A4, duka lolote la vitabu Mwembe Tayari. Andika 5, 6 na 7 kwa kalamu nene, maana kuna wasiotofautisha kijani na nyekundu. Na mtunza saa akae mstari wa mwisho akimtazama mhutubu, asikae pembeni.