Kigari chepesi cha 1500cc kwenda kuzungushwa Athi River: nifanye nini kabla ya kutoka Malindi?

KijanaWaShella (Malindi)

Assalam aleikum waungwana, na hamjambo nyote.

Nina Mazda Roadster iliyotoka Japani, ile ambayo kwingine huitwa MX-5. Gia za mkono, injini ya 1500 isiyo na tabo, farasi 131, na gari zima ni kama kilo elfu moja. Kazi yake mpaka leo ni kwenda Watamu jioni paa likiwa wazi, watoto wa Gede wanashangilia, narudi nyumbani. Sasa jamaa zangu wa Nairobi wamenialika siku ya kuendesha pale Whistling Morans, uwanja wa mbio za magari (saketi) ulioko Athi River. Si mashindano. Unalipa, gari linakaguliwa, unaingia kwa zamu, unazunguka mpaka uitwe utoke.

Wenzangu wote wana Subaru za tabo. Fundi mmoja hapa mjini anasema bila ekzosi mpya na filta ya hewa nitaaibika, na bei aliyonitajia imenitoa jasho. Je, nimsikilize? Na gari niliendeshe mpaka huko au nilipakie kwenye brekdauni?

FundiWaBarani

Wa aleikum salaam, mwanangu. Hizo pesa za ekzosi ziweke mfukoni.

Athi River iko mita 1500 hivi juu ya bahari. Hewa ya huko ni nyepesi, na injini isiyo na tabo hupoteza karibu asilimia 15 ya nguvu zake. Farasi wako 131 wa Malindi, ukifika kule hesabu 110 na ushei. Ekzosi haiwezi kuwarudisha hao, itakuongezea kelele tu. Tabo inasukuma hewa yenyewe, kwa hiyo Subaru haziumii sana na mwinuko. Zitakupita penye lami iliyonyooka. Waonyeshe mkono wapite, wala usione haya. Ila Subaru ya namna hiyo ina kilo 1400 na zaidi, na uzito huo wote lazima usimamishwe kila kona. Wenyewe watapunguza mwendo mapema, wewe bado unakwenda.

Nilifanya kazi gereji za Nairobi miaka kabla sijarudi nyumbani, na magari ya watu wa saketi yalipita mikononi mwangu. Kilichowarudisha nyumbani mapema mara nyingi ni breki, si injini. Na hapa ndipo sisi wa pwani tuna shida yetu. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa polepole, hata kama kifuniko kimekazwa. DOT 4, yaani daraja la kawaida la mafuta ya breki, ikiwa mpya haichemki kabla ya nyuzi 230. Ikishakunywa maji, kipimo chake kinashuka hadi 155. Mitaani hutajua kamwe, maana kwenda Watamu hakuchemshi kitu. Kule unafunga breki kwa nguvu kila baada ya sekunde chache, diski zinapata moto, yale mafuta yanatoa mvuke ndani ya paipu. Mvuke unabonyea, mafuta hayabonyei. Unakanyaga, pedali inazama mpaka sakafuni, na kona iko mbele yako.

Kwa hiyo badilisha yote, si kuongezea juu. Mtu mmoja akae ndani akanyage, mwingine awe chini kwenye gurudumu na spana na mpira mwembamba, ncha yake imezama ndani ya chupa yenye mafuta kidogo. "Kanyaga, shikilia." Nati ya kutolea mafuta kwenye breki, iliyochomekwa ule mpira, inafunguliwa robo, yanatoka meusi na mapovu. Funga kwanza, ndipo aachie. Rudia mpaka yatoke meupe yenye umanjano na bila povu hata moja, kisha nenda gurudumu jingine. Usiache kikopo cha mafuta ya breki kule juu kikauke katikati ya kazi, utaanza upya. Pedi nazo zikiwa chini ya nusu, weka mpya.

Matairi: upepo pima kulekule asubuhi, yakiwa baridi. Tairi uliyoijaza Malindi, geji ya Athi River itasoma kama psi 2 zaidi, na hujaongeza kitu, ni hewa ya nje iliyopungua uzito. Anza na kipimo cha kwenye kibandiko cha mlangoni. Ukitoka zamu ya kwanza pima hapohapo, utakuta imepanda psi kadhaa. Ikiwa gari limeanza kuteleza, punguza kidogo.

Jambo la mwisho, na hili wenye gari la kusukumwa na magurudumu ya nyuma walishike. Breki maliza ukiwa umenyooka, ndipo ukate usukani. Ukiwa katikati ya kona ukaingiwa na hofu, usiachie pedali ya mafuta ghafla. Uzito wote unakimbilia mbele, nyuma inabaki nyepesi, mkia unakuja kukusalimu.

NahodhaWaAmu

Shikamoo fundi. Sisi huku Amu mwenye haraka hupanda punda, lakini hilo la uzito nimelielewa kuliko wenye magari. Kwenye resi za mashua, wakati wa kubisha, yaani kugeuza chombo kukata upepo, watu na magunia ya farumi (ya kutia uzito) huhamia joshini, upande unaotoka upepo, pamoja na tanga, si kabla wala baada. Mmoja akirukia upande wa pili kwa hofu, chombo kinalala na nahodha analaumiwa.

FundiWaBarani

Marahaba. Ni hivyohivyo, na huyu wa gari hana hata baharia wa kumlaumu.

DadaWaMavueni

Kuhusu njia, kaka: brekdauni ya nini, kigari kizima hicho? Ondoka baada ya alfajiri, na ukifika kwetu Mavueni usiingie Mombasa. Kata kulia upite Kaloleni utokee Mariakani. Foleni ya malori ya bandarini utaikwepa kiasi. Matuta ndiyo adui yako, gari lako liko chini, yapande kwa mshazari. Fika jioni ulale. Usiingie saketi na uchovu wa barabara ya Mombasa mgongoni.

Toa kila kitu ndani ya gari: miavuli, chupa, zulia la dereva. Chupa ikiviringika chini ya pedali ya breki, mafuta mapya ya fundi hayatakusaidia. Gari la paa la turubai uliza waandaaji mapema, wengine wanataka nguzo ya chuma nyuma ya kichwa. Na soma karatasi ya bima. Nyingi zinakataa kulipa ukiharibikia uwanja wa mbio.

KijanaWaShella (Malindi)

Ahsanteni sana. Ekzosi nimeifuta. Bima nimeisoma usiku, kweli hainilindi, kwa hiyo nitaendesha kama mtu anayelipa mwenyewe. Ami fundi, nikitoka kwenye zamu nizime gari papo hapo? Na nina chupa ya DOT 4 nusu nyumbani, inafaa?

FundiWaBarani

Usizime papo hapo. Mzunguko wa mwisho nenda taratibu bila kugusa breki sana, upepo upooze diski. Ukiegesha, handibreki usiivute, diski bado ni moto na pedi zitazibana mahali pamoja. Ukishazima, tia gia ya kwanza, weka jiwe nyuma ya tairi.

Hiyo chupa nusu iliyofunguliwa hapa pwani itupe. Nunua yenye sili, ifungulie mbele ya gari, itumie siku hiyohiyo. Ukitaka kunipata, niko Barani, hapa Malindi, kila siku isipokuwa Ijumaa mchana.