Naombeni ushauri: "pester" ni kusumbua au kujazana?

KalamuMbili: Wakuu, habari za muda huu. Natafsiri Coriolanus ya Shakespeare na leo siku ya tatu nimekwama tendo la nne. Sicinius anasema kuna watu wangefurahi zaidi kuona makundi ya wagomvi "pestering streets" kuliko mafundi wakiimba madukani mwao. Mimi "pester" naijua ni kusumbua, kama mtoto anayelilia pipi. Sasa mtaa unasumbuliwaje? Mhariri kanirudishia ukurasa una alama ya kuuliza nyekundu, basi. Hata neno hakuandika.

Kamusi ya Babu: Mkuu, hapo ni kujaza mahali mpaka pasipitike. Enzi zile hata meli iliyopakiwa kupita kiasi ilisemwa hivyo. Maana ya kusumbua ilikuja kutawala baadaye, na "pest", yaani tauni, ikaisukuma kwa kufanana sauti tu. Hawana undugu.

SinaHaraka: Duh, miaka yote nilijua ni mtu na dada yake. Limetoka wapi basi?

Kamusi ya Babu: Kifaransa cha kale, "empestrer": kumfunga farasi miguu akiwa malishoni asiende mbali. Nyuma yake kuna Kilatini "pastoria", kamba yenyewe, ukoo mmoja na "pastor", mchungaji (wa mbuzi kwanza, wa kanisa baadaye). Mwone huyo farasi: anainua mguu, kamba inambana, akivuta ndiyo anazidi kunasa. Mtu aliyekwama katikati ya umati ana tofauti gani naye? Mshairi Mwingereza Milton naye, kwenye mchezo wake Comus wa 1634, analitumia kwa binadamu waliobanana duniani kama mifugo zizini. Wafaransa bado wanasema "empêtrer", kunasa.

Mama Tungo: Mwanangu, weka "kuzonga". Kamba huzonga mguu, umati humzonga mtu, mawazo nayo humzonga. "Kusongamana" si kosa, ila kamba haimo.

KalamuMbili: Shikamoo mama, na asante. Nimejaribu: "makundi ya wagomvi yakiizonga mitaa". Mwigizaji ataweza kuitamka bila kujikwaa?

Mama Tungo: Marahaba. Nimeisoma kwa sauti mara mbili, inapita.

SinaHaraka: Inapita. Ila hao mafundi watoe dukani uwapeleke karakana. Fundi haimbi akiwa kaunta, anaimba akigonga nyundo.